Nimembania Kidogo

Mwaka 2022, mwanzoni mwa kiangazi, pamba ilipokuwa imeanza kufunguka mashambani na barabara za Shinyanga zimerudiwa na vumbi, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita. Nilikuwa mke wa mtu kwa mwaka wa ishirini na mbili, na muuguzi kwa mwaka wa kumi na tatu. Nauweka mpangilio huo kama ulivyo, mke kwanza na muuguzi baadaye, kwa sababu baada ya msiba walitokea watu waliotaka kuamini kwamba siku nilipovaa sare nyeupe ndiyo siku niliyoacha kuwa mke.

Nilisoma kwa kuchelewa. Darasa la saba nililimaliza mwaka 1991, kisha nikakaa nyumbani kwa baba yangu, kwa Wasumbwa wa upande wa Kahama, mpaka nilipoolewa mwaka 2000 na Msukuma aliyekuwa akichimba dhahabu Geita. Mume wangu ndiye aliyenirudisha kwenye vitabu. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea mwaka 2006, watoto wetu wawili wakiwa wamelala chumba cha pili, na Septemba 2007, nikiwa na miaka thelathini na mmoja, niliingia chuo cha uuguzi nikiwa mkubwa kuliko baadhi ya walimu wangu. Wasichana wa darasa langu waliniita Bibi. Nilisubiri matokeo yatoke.

Somo lililowashinda wengi wao lilikuwa lile la kukokotoa matone ya dripu. Siyo gumu, lakini halimvumilii mtu anayekisia. Unachukua ujazo wa maji, unazidisha kwa idadi ya matone ambayo mpira wa dripu hutoa katika mililita moja, kisha unagawa kwa dakika ambazo maji yanatakiwa kuisha. Jibu ni matone kwa dakika. Baada ya hapo unasimama kando ya kitanda, saa mkononi, macho kwenye kile kichumba cha plastiki ambamo tone huanguka, na kidole gumba kwenye kigurudumu kinachoubana mpira. Ukikisukuma upande huu maji yanakimbia. Upande ule yanapungua. Hakuna mashine. Mashine ni wewe.

Katika wodi zote nilizofanya kazi, kigurudumu hicho tulikiita kibanio, na kazi yake tuliipa maneno mawili: kufungulia na kubania. Mgonjwa aliyekauka kwa kuharisha unamfungulia. Mgonjwa wa moyo au wa figo unambania. Tuliyasema maneno hayo mchana kutwa, mbele ya wagonjwa na mbele ya ndugu zao, bila kuyafikiria. Nje ya wodi, kila anayesema Kiswahili anajua kumbania mtu ni kumfanyia nini.

Mume wangu alianza kuugua figo mwaka 2020. Shinikizo la damu ndilo lililoziharibu. Alikuwa amelibeba kwa miaka mingi mashimoni bila kujua, na baadaye kwenye karasha lake la kusagia mawe, bila kutaka kujua. Hospitali ya rufaa walimpangia kiasi cha maji ya kunywa kwa siku, na mimi ndiye niliyekisimamia kiasi hicho nyumbani, kwa kikombe kimoja chenye mchirizi wa buluu. Alikuwa mtu wa utani. Mgeni akija, hata kabla hajakaa vizuri, alimwambia: "Karibu, lakini usiombe maji. Mke wangu hapa ananipimia kama ananiuzia." Wageni walicheka. Mimi pia nilicheka. Sikujua kwamba utani huo ulikuwa ukiwekwa akiba mahali.

Alhamisi tarehe 16 Juni 2022 asubuhi tulimpeleka katika kituo cha afya nilichokuwa nikifanya kazi, upande wa Geita. Alikuwa na malaria kali na alikuwa ametapika siku mbili. Hapo palikuwa na ugumu ambao si kila mtu anaweza kuuelewa: mwili wake ulikuwa umepungukiwa maji, lakini figo zake zisingeweza kuyatoa kama angepewa mengi. Tabibu alipima, akafikiri, akaagiza nusu lita tu, iingie kwa saa kumi na mbili, huku tukisubiri gari la kumpeleka hospitali kubwa.

Nesi wa zamu alikuwa binti mwenye wodi nzima mikononi. Aliniomba nimsaidie kuhesabu. Nusu lita ni mililita mia tano. Mpira ulikuwa wa matone ishirini kwa mililita. Jumla matone elfu kumi. Saa kumi na mbili ni dakika mia saba na ishirini. Ukigawa unapata kumi na tatu na ushei, ambayo kwa jicho na saa ni kumi na manne. Nilikizungusha kibanio taratibu mpaka matone yakawa kumi na manne kwa dakika, nikahesabu dakika ya pili, nikahesabu na ya tatu. Kisha nikamwambia yule binti, kwa sauti ya kawaida ya kazi: "Nimembania kidogo. Yako kumi na manne."

Wifi yangu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyemlea wakati mama yao akienda vibaruani, naye alikuwa amesafiri kutoka Ibadakuli, kwao Shinyanga, tangu alfajiri. Aliponisikia alininyanyulia uso.

Kitanda cha jirani alikuwapo mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa kutoka Nkome, aliyeletwa akiharisha mpaka macho yameingia ndani. Dripu yake ilikuwa inakimbia kama bomba. Chupa ya kwanza iliisha tukiwa tunatazama, wakamtundikia ya pili.

"Wifi," aliniita dada wa mume wangu, "huyu mwenzetu ni chupa ya pili. Kaka yako hapa mbona yake haishuki?"

Alisema "kaka yako" kwa kejeli, kama vile mimi ndiye niliyesahau udugu.

"Ugonjwa wake ni mwingine, wifi. Akipewa kwa kasi hiyo yatamjaa mapafuni."

"Maji ya dripu yanaingia kwenye damu au kwenye mapafu?"

Yule mama wa dagaa, ingawa alikuwa hoi, alijibu kabla yangu. "Dada, mimi naharisha. Ukiyataka maji yangu, yachukue pamoja na tumbo langu."

Mume wangu alicheka kwa mara ya mwisho niliyoisikia. Halafu akamwambia dada yake: "Ulikuwa hujui? Hata hapa napimiwa."

Saa sita mchana niliitwa kliniki ya wajawazito, ambako ndiko ilikokuwa zamu yangu siku hiyo. Niliitazama chupa kabla ya kuondoka. Ilikuwa haijashuka hata robo, kama ilivyopaswa. Nilimwambia wifi kwa Kiswahili, kisha nikarudia kwa Kisukuma changu cha kuungaunga, kwamba asikiguse kile kigurudumu. Aliitikia. Niliporudi saa saba na nusu chupa ilikuwa tupu, mpira umejaa hewa, na kibanio kimefunguliwa mpaka mwisho. Mume wangu alikuwa ameketi kitandani, ameinama mbele, akipumua kama mtu anayepanda ngazi. Povu jepesi lilikuwa pembeni ya mdomo wake.

Tulifanya yote yaliyowezekana mahali pale: oksijeni, dawa ya kukojoza, kumkalisha wima, kumpigia simu dereva wa gari la wagonjwa. Gari lilifika saa kumi na moja. Alifariki hospitali kubwa siku iliyofuata, Ijumaa tarehe 17 Juni 2022, saa tano asubuhi.

Sisemi kwamba maji yale ndiyo yaliyomuua. Malaria ilikuwa kali na figo zilikuwa zimechoka, na mimi sikuzoea kutoa jibu kubwa kuliko hesabu iliyopo. Nasema tu kwamba maji yaliyopangiwa kuisha saa nne usiku yaliisha mchana, na kwamba mimi sikuwapo.

Tulimzika kwao Jumapili. Kabla hata ya watu kutawanyika, neno langu lilikuwa limekwisha kufika uani kwa mama mkwe. Wifi alilitafsiri. Katika Kiswahili lilikuwa na maana mbili, na anayetaka kunitendea haki angeweza kuchagua ya kwanza. Lilipoingia katika Kisukuma ilibaki ya pili peke yake. Mama mkwe wangu, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, aliambiwa kwamba mke wa mwanawe alimnyima maji akiwa na kiu, mbele ya mashahidi, na akasema kwa kinywa chake kwamba amemnyima. Katika nyumba za wafugaji, ambako hata mpita njia asiyejulikana hupewa maji kabla ya kuulizwa jina, sijui tuhuma iliyo nzito kuliko hiyo. Afadhali wangesema nimempa sumu. Sumu mtu anaweza kuikana.

Mama mkwe hakunitukana. Aliacha tu kuitikia salamu yangu. Nilipiga goti, nikamwamkia, naye akaendelea kupepeta. Miaka ishirini na miwili nilimwita mayu, yaani mama, na aliniitikia kila mara. Aliponizalisha mtoto wa pili kwa mikono yake aliniita binti. Nyumba, ardhi, karasha, yote hayo yangeweza kugawanywa na nisilale njaa, kwa kuwa nina kazi. Nilichokitaka ni mama yule aambiwe, na mtu ambaye yeye angemwamini, kwamba sikumnyima mwanawe maji.

Kikao cha ukoo kilikaa Jumamosi tarehe 30 Julai kwa ajili ya kumteua msimamizi wa mirathi. Mali kuu ilikuwa nyumba tuliyoijenga Ibadakuli, mimi na marehemu, tofali kwa tofali. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeongoza kikao.

"Shemeji," alisema, "hakuna mtu hapa anayesema umeua. Usije ukatoka nje ukasema tumekuita muuaji."

"Mnasema nini basi?"

"Tunasema ulimbania."

"Tofauti yake ni nini?"

"Tofauti unaijua wewe uliyesoma. Sisi wengine tuliishia kuchunga."

Watu waliguna. Mjomba mmoja wa marehemu aliongeza, bila kunitazama, kwamba mtu anayeanza shule akiwa na watoto huwa anasoma kwa hasira. Nilieleza hesabu yangu tangu mwanzo: mililita, matone, dakika. Walinisikiliza kwa adabu yote, na ndipo nilipotambua kwamba kila nilivyoeleza kwa usahihi ndivyo nilivyozidi kuonekana mwanamke aliyeyahesabu maji ya mumewe tone kwa tone. Shemeji aliwakumbusha ule utani wa kununua maji kwa mke. Wote walikuwa wameusikia. Walimteua yeye.

Jumatatu tarehe 12 Septemba 2022 nilipeleka pingamizi Mahakama ya Mwanzo. Niliiandika hoja yangu mwenyewe, kwa mkono, na karani aliponiuliza nani ameniandikia nilimjibu kwamba aliyeandika ndiye anayemtazama.

Shauri lilisikilizwa Jumatano tarehe 9 Novemba. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, na pembeni yake walikaa washauri wawili wa mahakama, wazee wa mjini. Mama mkwe aliletwa, akaketi benchi la nyuma. Shahidi wangu alikuwa tabibu. Alikuja kwa hiari yake, jambo ambalo namshukuru, lakini alisema maneno mengi ya kitabuni mpaka hakimu akamwomba arahisishe.

"Kwa Kiswahili, daktari. Kiwango kile kilikuwa sahihi au hakikuwa sahihi?"

"Kilikuwa sahihi, mheshimiwa. Mgonjwa wa namna ile ni lazima umbanie."

Mzee mmoja wa washauri aliegemea mbele. "Ngoja kwanza. Huko kwenu hospitali, kumbania mtu ndiyo kumhurumia?"

"Kwa mgonjwa wa figo, ndiyo, mzee."

"Basi mke wangu ananihurumia sana," alisema mzee, na chumba kizima kikacheka, hata karani. Nilimtazama mama mkwe. Hakucheka, hakuna aliyemtafsiria.

Ndipo alipoitwa wifi. Aliapa, akasimama wima, akasema kwa Kiswahili kizuri kuliko nilivyotarajia. Alieleza safari yake kutoka Ibadakuli, alieleza alichokisikia nikisema, alieleza chupa za yule mama wa Nkome. Kisha, bila kuulizwa na mtu yeyote, alisema: "Huyu alipoondoka, ndugu yangu aliniambia ana kiu. Mheshimiwa, mimi nimemlea yule. Nilimfungulia. Yeye alikuwa amembania, mimi nikamfungulia."

Alilisema kwa fahari. Alilitoa kama ushahidi wa upendo wake, na kwa kweli lilikuwa ushahidi wa upendo wake. Tabibu aliinamisha kichwa. Jambo lenyewe nilikuwa nalijua tangu saa saba na nusu ya siku ile. Kulijua ni kitu kimoja. Kulisikia likisemwa kwa sauti iliyonyooka, na msemaji akisubiri kusifiwa, ni kitu kingine.

Hakimu aliandika. Kisha akaniuliza: "Una swali kwa shahidi?"

Nilisimama. "Wifi, ulipofungua, maji yalichukua muda gani kuisha?"

"Hayakuchukua muda. Nilikuwa nammenyea mgonjwa machungwa. Sikuwa nimemaliza la tatu."

"Na baada ya hapo, alisema bado ana kiu?"

Alifikiri. Nilimwona akirudi kwenye ukingo wa kile kitanda. "Hapana," alisema. "Baada ya hapo hakusema tena."

Hakimu aliacha kuandika, akamtazama wifi, kisha akanitazama mimi. Alikuwa ameelewa. Nina hakika alikuwa ameelewa. Ningeweza kuuliza swali la tatu, na swali hilo lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nilisema sina swali jingine. Wapo walioniambia baadaye kwamba ulikuwa uungwana. Haukuwa uungwana. Nilitaka atakayetamka jambo hilo asiwe mimi, kwa sababu likitoka kwangu lingekuwa la mjane anayetafuta pa kutupia mzigo wake. Nilitaka liandikwe na mahakama.

Uamuzi ulisomwa Jumanne tarehe 13 Desemba 2022, saa nne asubuhi. Ulikuwa wa kurasa tatu. Ulisema kwamba marehemu alifariki kwa ugonjwa. Kwamba sababu za kifo si suala la mahakama hiyo katika shauri la mirathi. Kwamba mwenendo wa ndoa haukuonyesha dosari. Kwamba kikao cha ukoo hakikuwa na hoja ya kisheria ya kumwacha mjane. Nikateuliwa msimamizi wa mirathi, na nyumba ikatajwa kuwa makazi yangu na ya watoto. Nilisikiliza ukurasa kwa ukurasa. Neno maji halikuwamo hata mara moja.

Nje, kwenye baraza ya mahakama, shemeji aliniamkia kwa sauti ndogo na kupita. Mama mkwe alikuwa amesimama kwa shida, ameshika nguzo, wifi akiwa upande wake wa pili. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alinitazama usoni, lakini swali lake alimwelekezea binti yake, kwa Kisukuma: "Wamesema nini kuhusu maji?"

Wifi aliniangalia. Sikuona hila katika macho yake. Mpaka leo sidhani kama anajua.

"Hawakusema kitu, mayu," alijibu. "Kuhusu maji hawakusema kitu kabisa."

Na hakuwa amedanganya. Nilifungua mdomo. Kisukuma changu kingetosha. Maneno matatu yangetosha. Lakini kama mama yule angeniamini, maneno hayo matatu yangempokonya mtoto wa pili, na kama asingeniamini, angemwamini binti aliyemzaa. Mama mkwe alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeupata uthibitisho aliokuja kuutafuta.

"Kumbe na wao wameshindwa kumtetea," alisema.

Akaushika mkono wa binti yake, wakashuka kuelekea barabarani kutafuta usafiri wa kurudi Ibadakuli. Mimi nilirudi ndani, kwa sababu karani alikuwa amenipa nakala yangu ya uteuzi bila kuiandika tarehe. Alisema haina neno, tarehe ipo kwenye jalada. Nilisimama mbele ya meza yake mpaka alipoiandika.